Tumwamini nani tunaposoma habari za kompyuta?

Katikati ya mwaka 2025 tulikaa na kamati ya kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta kinachoendeshwa na vijana na akina mama wa kijiji. Kituo kina kompyuta 11, zote za mtumba, zilizotolewa msaada miaka kadhaa nyuma. Kamati ilikuwa na wasiwasi. Walikuwa wamesikia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ingefikisha mwisho huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta zao zote. Baada ya tarehe hiyo kompyuta zingeendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini bila marekebisho ya kawaida ya kuziba mianya ya usalama. Nazo zilikuwa za zamani mno kupokea Windows 11.

Katibu wa kamati ni mtu makini. Alikwenda mjini, akasoma kwenye intaneti, akarudi na makala tatu alizozichapa. Ya kwanza ilishauri kununua kompyuta mpya zenye Windows 11. Ya pili ilisema huu ndio wakati wa kuhamia kompyuta za Apple, ambazo ni ghali lakini hudumu. Ya tatu ilisema hakuna haja ya kununua chochote: ondoa Windows, weka Linux, ambayo hupatikana bure. Kila mwandishi alionekana mtaalamu, na kila mmoja aliandika kwa uhakika. Akiba ya kituo ilitosha kununua kompyuta mbili tu, na fedha hizo zilikuwa michango ya wanachama wenyewe. Mwenyekiti akatuuliza, "Sasa ndugu zetu, tumwamini nani?"

Swali hilo ni la watu wengi. Shule, zahanati, vikundi vya akiba na ofisi ndogo hununua vifaa kwa kufuata yaliyoandikwa na watu ambao hawatakutana nao kamwe. Katika makala hii tunaeleza jinsi habari za kompyuta zinavyoandikwa, mahali ambapo upendeleo huingia, na jinsi ya kuzisoma kwa faida.

Kambi tatu

Kila kompyuta inahitaji mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoamsha mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kwa miaka mingi mifumo mitatu imekuwa ikishindana kwenye kompyuta za mezani na za mpakato: Windows ya Microsoft, mfumo wa Macintosh wa Apple, na Linux, ambayo hutengenezwa kwa ushirikiano wa watu na kampuni nyingi duniani. Kwenye simu mashindano makubwa ni kati ya Android na iPhone.

Kila kambi ilipata magazeti yake. PC Magazine lilianza mwaka 1982 kwa ajili ya watumiaji wa kompyuta za aina ya IBM. Macworld lilitoka mwaka 1984, mwaka uleule Macintosh ya kwanza ilipoanza kuuzwa. Linux Journal lilianza mwaka 1994. Magazeti haya yalisaidia watu wengi sana. Lakini mtu anayeajiriwa kuandika juu ya mfumo mmoja, kwa wasomaji waliokwisha kuununua, hukaa na mfumo huo kutwa nzima. Anaujua kuliko watu wengine wote, na mifumo mingine anaijua kwa kupita tu. Ujuzi wake na upendeleo wake huota kwenye shina moja.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu unafaa sana katika habari za kompyuta.

Mwaka 1984 John Dvorak, mwandishi wa safu aliyejulikana sana Marekani, aliandika katika gazeti la San Francisco Examiner kuhusu Macintosh mpya. Mashine hiyo iliongozwa kwa kipanya, kile kifaa kidogo cha kusukuma mezani, badala ya kuandika amri zote kwa herufi. Dvorak alisema hakuna ushahidi kwamba watu wanataka kutumia kitu cha namna hiyo. Leo mtoto wa shule ya msingi akikaa mbele ya kompyuta ya mezani, kipanya ndicho kitu cha kwanza anachokishika.

Tusimcheke haraka. Dvorak hakuwa mjinga, wala hatuna sababu ya kudhani alilipwa aseme hivyo. Alikuwa mzoefu wa kompyuta za wakati wake, na watu wenye uzoefu huo waliona kuandika amri ni jambo la kawaida. Uzoefu huo ndio uliomfanya asione shida ya mtu anayeanza. Machi 2007, miezi michache kabla ya iPhone kuanza kuuzwa, mwandishi huyohuyo aliishauri Apple iachane na mpango huo. Hapo pia alipima kitu kipya kwa vipimo vya soko alilolizoea.

Kuna ujuzi wa namna nyingine. Mwaka 1991 Walt Mossberg alianza safu katika gazeti la Wall Street Journal. Hakujitambulisha kama fundi. Alisimama upande wa mtu wa kawaida, na katika safu yake ya kwanza alisema kwamba kompyuta ni ngumu mno kutumia na kwamba kosa si la mtumiaji. Mafundi wengine walimwona hajui mambo ya ndani ya mashine. Baadaye wasomaji wengi walimlaumu kwamba anaipendelea Apple. Lakini alichokuwa akikipima, yaani urahisi wa kutumia, alikisema wazi, na msomaji aliweza kuamua kama hicho ndicho anachokitafuta. Aliandika mpaka mwaka 2017.

Fedha za matangazo

Upendeleo wa mazoea ni mmoja. Upo pia ule unaotokana na fedha. Magazeti mengi ya kompyuta hayaishi kwa bei ambayo msomaji analipa. Yanaishi kwa matangazo, na watangazaji wakubwa ni kampuni zilezile zinazoandikwa ndani yake.

Mei 2007 Harry McCracken, mhariri mkuu wa gazeti la PC World la Marekani, alijiuzulu. Kiongozi wa kampuni alikuwa amezuia makala iliyoorodhesha mambo kumi yanayochukiza kuhusu Apple. Habari zilizotoka wakati huo zilihusisha uamuzi huo na hofu ya kuwaudhi watangazaji. Wasomaji na waandishi wengine walipiga kelele. Katika mwezi huohuo kiongozi yule alihamishiwa kazi nyingine, McCracken akarudi kwenye kiti chake, na makala ikachapishwa.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, shinikizo lipo, na mara nyingi msomaji halioni, kwa sababu makala iliyozuiwa haina mahali pa kuonekana. Pili, wapo waandishi wanaokubali kupoteza kazi kuliko kunyamaza. Kwa hiyo si haki kusema kwamba wote wamenunuliwa.

Zawadi, na nafasi ya kuona kwanza

Desemba 2006 Microsoft na kampuni ya kutengeneza prosesa ya AMD ziliwapelekea waandishi kadhaa wa blogu kompyuta mpakato za bei kubwa aina ya Acer Ferrari, zikiwa na Windows Vista iliyokuwa karibu kuanza kuuzwa kwa umma. Baadhi waliwaambia wasomaji wao kuhusu zawadi hiyo. Kelele zilipozidi, Microsoft iliwaomba waliozipokea wazirudishe au wazitoe kwa wengine baada ya kuzipima. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilibadili miongozo yake ili anayesifu bidhaa aliyopewa bure aseme wazi kwamba alipewa.

Zawadi nyingine haionekani kama zawadi. Kabla iPhone ya kwanza haijaanza kuuzwa tarehe 29 Juni 2007, Apple iliwapa waandishi wanne tu simu za kujaribu mapema. Mossberg alikuwa mmoja wao, na mwingine alikuwa David Pogue wa New York Times. Hawakupewa fedha. Walichopewa ni nafasi ya kuandika kabla ya wengine, na kwa mwandishi nafasi hiyo ni mali. Hakuna aliyehitaji kuwaambia waandike nini. Lakini kila mwandishi wa habari hizi anajua kwamba orodha ya watakaopewa mapema safari ijayo hupangwa na kampuni.

Pogue alikuwa na jambo lingine. Aliandika na kuuza vitabu vya mwongozo kuhusu bidhaa alizokuwa akizihakiki gazetini, ikiwemo mifumo ya Apple. Mwaka 2009 mhariri wa New York Times aliyewakilisha wasomaji aliliandika suala hilo waziwazi, kwa sababu bidhaa ikipendwa, kitabu chake nacho hununuliwa. Mgongano wa maslahi wa namna hii haumfanyi mtu kuwa mwongo. Unamfanya awe na deni la kuwaambia wasomaji wake.

Je, mwenye upande ni mwongo?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tukishajua mwandishi ana upande, tunatupa yote aliyosema.

Aprili 1999 kampuni ya upimaji iitwayo Mindcraft ilitoa ripoti kwamba Windows NT iliishinda Linux kwa mbali kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine: mara 2.5 katika kugawa mafaili na mara 3.7 katika kutoa kurasa za wavuti. Aliyelipia jaribio hilo alikuwa Microsoft. Wapenzi wa Linux walikasirika, wakasema mashine ya Linux haikuandaliwa vizuri na matokeo yamepikwa.

Juni 1999 jaribio lilirudiwa kwenye maabara ya gazeti la PC Week, safari hii wataalamu wa Linux kutoka kampuni ya Red Hat wakiwepo na kuandaa mashine yao wenyewe. Tofauti ilipungua, lakini Windows ilishinda tena. Ripoti iliyolipiwa na mwenye maslahi ilikuwa imegusa udhaifu wa kweli. Watengenezaji wa Linux waliacha kulalamika, wakatafuta palipokwama, wakarekebisha. Toleo la Linux lililotoka Januari 2001 lilikuwa na matunda ya kazi hiyo.

Hata hivyo hadithi haiishii hapo. Mwaka huohuo 1999 jarida la c't la Ujerumani lilifanya majaribio yake. Mindcraft walikuwa wametumia mashine kubwa yenye prosesa nne na kadi kadhaa za mtandao, ikitoa kurasa zisizobadilika. Jarida la c't lilijaribu pia hali zinazofanana zaidi na kazi za kila siku, kama vile kadi moja ya mtandao na kurasa zinazotengenezwa papo hapo kila zinapoombwa. Katika hali hizo Linux ilisimama vizuri, na mara nyingine ilishinda. Kwa hiyo ripoti ya Mindcraft ilikuwa kweli kwa swali lililoulizwa. Upendeleo ulikuwa katika kuchagua swali.

Miaka michache baadaye jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Microsoft ilitoa tangazo Uingereza likidai kwamba Linux ni ghali mara kumi kuliko Windows. Agosti 2004 mamlaka ya viwango vya matangazo ya nchi hiyo iliamua kwamba tangazo lilipotosha. Linux ilikuwa imepimwa kwenye mashine kubwa sana ya IBM ya bei ya juu, na Windows kwenye mashine ya kawaida. Bei iliyotajwa ilikuwa hasa tofauti ya mashine, si ya mifumo. Ni kama kulinganisha nauli ya watu wawili bila kusema kwamba mmoja alipanda ndege na mwingine basi.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini anayevutia ngozi kwake bado anaweza kuwamba ngoma nzuri. Hatuwezi kujua mpaka ngoma ipigwe, na ipigwe na mtu mwingine.

Mwandishi anakaa wapi?

Upo upendeleo mmoja ambao hauna ubaya wa nia ndani yake. Mwandishi anapima kifaa akiwa New York au London, kwenye umeme usiokatika, intaneti ya kasi isiyohesabiwa kwa bando, na duka la matengenezo mtaa wa pili. Akiandika kwamba kompyuta "inapakua marekebisho yenyewe bila kukusumbua," kwake hiyo ni sifa. Kwa kituo kinacholipia intaneti kwa bando, marekebisho hayo yanaweza kumaliza fedha za wiki nzima kwa usiku mmoja.

Lugha ni mfano mwingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mama anayejifunza kuandika barua ya kikundi chake, menyu inayosema "Faili" na "Hariri" inaweza kuwa na thamani kuliko kasi ya prosesa. Mhakiki asiyejua Kiswahili hawezi kuipima tofauti hiyo, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuamini

Tunapendekeza kila kikundi kinachopanga kununua vifaa kijiulize maswali haya kuhusu kila makala kinayoisoma:

- Mwandishi anatumia mfumo gani kila siku? Je, ule anaoukosoa ameutumia kwa wiki kadhaa, au kwa saa moja?
- Nani analipa? Je, kifaa alipewa bure, alikopeshwa, au alikinunua? Je, amesema hivyo?
- Ni kitu gani hasa kilichopimwa: kasi, bei, urahisi, usalama au uimara? Je, ndicho tunachokihitaji sisi?
- Je, vilivyolinganishwa vinalingana kwa bei na ukubwa?
- Je, mtu wa kambi nyingine amerudia jaribio hilo na kupata matokeo yaleyale?
- Je, mwandishi ametaja udhaifu wowote wa mfumo anaoupenda? Asiyeona kasoro hata moja bado hajautumia vya kutosha, au hataki kusema.
- Hali zetu za umeme, intaneti, vumbi, mafundi, vipuri na lugha zinafanana na zake?

Njia nzuri ni kusoma makala mbili za kambi mbili tofauti. Jambo ambalo wapinzani wote wawili wanalikubali kwa kawaida ni kweli. Na mpenzi wa mfumo akiukosoa mfumo wake mwenyewe, msikilize kwa makini, kwa sababu yeye ndiye aliyelala kwenye kitanda hicho.

Kamati iliamua nini?

Tuliporudi kwenye zile makala tatu na maswali haya mkononi, wanakamati waliona haraka kwamba hakuna mwandishi aliyedanganya. Wa kwanza aliandika kwa ofisi zenye bajeti. Wa pili aliandika kwa mtu anayenunua mashine moja ya kwake binafsi. Wa tatu alikuwa fundi wa Linux ambaye kwake kuweka mfumo mpya ni kazi ya jioni moja, akasahau kwamba mwingine anahitaji mwalimu.

Basi kamati haikumfuata yeyote kikamilifu. Kijana mmoja alipakua Linux mjini na kuiweka kwenye flashi. Unaweza kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo ndani, na hivyo ndivyo walivyofanya kwenye mashine moja kwa wiki mbili. Walijaribu kazi zao halisi: kuandika barua, kuchapa, kufungua mafaili ya zamani, kufundisha wanaoanza. Kuchapa kulikwenda vizuri. Barua chache zilivurugika mpangilio. Programu ya hesabu za kikundi cha akiba ilikataa kabisa kufanya kazi.

Mwishowe kompyuta tisa zilihamishiwa Linux. Mbili zilibaki na Windows 10 kwa ajili ya hesabu tu, zikaondolewa kwenye intaneti. Akiba haikuguswa. Mwenyekiti alituambia kwamba wangepoteza fedha zote kama wangefuata makala ya kwanza, na wangepoteza hesabu za wanachama kama wangefuata ya tatu bila kujaribu.

Hatusemi kwamba uamuzi huo unafaa kila mahali. Kituo kingine chenye mahitaji mengine kinaweza kupima vilevile na kuamua kununua. Tunachosisitiza ni kwamba kamati ilisoma, ikauliza, kisha ikajaribu kwa kazi zake yenyewe kabla ya kutumia mali ya wanachama.

Kwa majadiliano katika kikundi

- Mara ya mwisho tuliponunua kifaa, tulifuata ushauri wa nani? Mtu huyo alikuwa na faida gani katika ununuzi wetu?
- Ni kazi zipi tano tunazozifanya zaidi kwa kompyuta au simu? Je, makala tulizosoma zilizipima?
- Sisi wenyewe tumezoea mfumo gani, na mazoea hayo yanatufanya tusione nini?
- Tunaweza kujaribu nini kwa mashine moja kabla ya kubadili zote?